Banda la Boneti Nyuma ya Ukuta wa Sista

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tisa Juni. Manyunyu yalikuwa yamekatika kabla ya jua kuchomoza, ukabaki ubaridi wa kukunja mabega na matone yaliyodondoka moja moja kutoka kwenye boneti ya gari. Boneti hiyo haikuwa juu ya gari. Ilikuwa paa la banda la kuku, na chini yake kuku majike ishirini na wawili walikuwa wameanza kuulizana habari za asubuhi.

Mwenye banda, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo, alikuwa amemaliza kusali na anavaa mabuti yake ya mpira pale Mama Mwenyekiti alipobisha hodi. Alibisha mara tatu. Ya nne mke wa Nyundo alitoka jikoni akamfungulia, maana mumewe siku hizi hakuwa akisikia hodi isipokuwa iwe ya ngumi.

Mama Mwenyekiti ndiye aliyechaguliwa na wakazi wa safu ile ya nyumba kusimamia mambo ya taka, maji na ugomvi. Katika hayo matatu, ugomvi ndio uliomnyima raha. Alikaa kwenye benchi uani, akakataa chai, na hapo mke wa Nyundo akajua habari si nzuri.

"Mzee wangu," alisema, akipaza sauti ili asikike, "Sista ameleta malalamiko mara ya tatu. Safari hii ameandika. Tumekaa kikao jana, tumekupa mpaka Jumamosi saa sita mchana. Mkielewana naye, mimi sina neno. Msipoelewana, banda litoke."

"Litoke liende wapi?"

"Hilo halikuandikwa," alisema Mama Mwenyekiti, na alionekana kuona aibu kwa niaba ya kikao kizima.

Sista alikuwa muuguzi, binti wa miaka thelathini hivi, aliyepanga nyumba iliyopakana na ya Nyundo. Ukuta wa nyuma wa ua wa Nyundo ndio uliokuwa ukuta wa chumba alichokuwa akilala. Alifanya kazi zamu ya usiku hospitali, akirudi saa mbili asubuhi, na mchana ndio ulikuwa usiku wake.

Ili kumwelewa Nyundo ni lazima kuyajua masikio yake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Gari lililetwa kwake limekunjamana kama karatasi iliyofutiwa meza, likatoka limenyooka, huoni palipogongwa. Kazi hiyo ilisomesha watoto wake wote, lakini nayo ilijilipa kwa upande wake. Daktari alimwambia kwamba sikio la kushoto limekwisha kustaafu, na la kulia linafungasha mizigo. Mwaka huohuo uwanja wa gereji ukachukuliwa kujengwa maduka. Vijana wakahamia mbali, naye akarudi nyumbani na sanduku lake la vifaa.

Mwezi wa kwanza alikaa kwenye kiti uani, mikono katikati ya magoti, akimwuliza mkewe saa. Mkewe alisema amewahi kumwona mumewe mgonjwa, lakini hajawahi kumwona hana kazi, na kwamba kama angepewa nafasi ya kuchagua angechukua ugonjwa.

Kuku ndio waliomtoa kwenye kile kiti. Alianza kwa kuomba vikorokoro kwa mafundi wenzake wa zamani, na kila alichopewa akakipokea kama zawadi ya harusi. Kuta za ubavuni alizijenga kwa mbao za paleti zilizotupwa nyuma ya ghala. Wavu wa madirisha ulikuwa rafu za friji mbili zilizokufa. Vyumba vya kutagia vilikuwa madumu ya mafuta yaliyokatwa mdomo na kusuguliwa kwa mchanga mpaka yakasahau harufu yao. Mlango ulikuwa mlango wa gari, wa nyuma kushoto, pamoja na kioo chake. Ukizungusha mkono wa mlango, kioo kinashuka na kuku wanapata hewa. Watu walikuja kuangalia. Mmoja aliuliza kama kuku wamefunga mikanda, mwingine akauliza gari linaondoka saa ngapi. Nyundo alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu aache gereji hakuwa amecheka namna hiyo.

Kila siku kabla ya kuanza aliweka kiganja juu ya kile alichotaka kukifanyia kazi, akafumba macho na kusema, "Mungu wangu, nipe jicho na mkono." Ilikuwa desturi yake tangu gereji, na wateja waliokuwa na haraka walijifunza kusubiri.

Ili asitafute mbao zaidi, ukuta wa nne hakuujenga. Aliliegemeza banda kwenye ule ukuta wa matofali, akisema Mungu amempa ubavu mmoja bure, tena ulionyooka. Kwenye ukuta huo akapigilia kwa misumari minane kipande kirefu cha mfereji wa bati, ule wa kukingia maji ya paa, kiwe chombo cha kulishia. Chombo kilikuwa kizuri. Kuku walijipanga mstari mmoja kama wanafunzi, hakuna aliyemkanyaga mwenzake wala kumwaga chakula. Na kwa kuwa Nyundo hakuwa na kazi nyingine, kila alipohisi upweke alichota kiganja kilichojaa, gao moja la mahindi yaliyoparazwa, akalimwaga kwenye mfereji, akasimama kuwatazama wakiinama wote pamoja. Alifanya hivyo saa tatu, saa nne na nusu, saa sita, na mara nyingine nyingi mpaka jioni. Moyo wake ulitulia pale kuliko mahali pengine popote, ukiondoa kwenye sala.

Malalamiko ya kwanza ya Sista yalihusu jogoo, na yalikuwa ya haki. Nyundo alimpa shemeji yake yule jogoo siku hiyohiyo. Ya pili yalihusu harufu, nayo yalikuwa ya haki. Alikwenda kwa seremala akaomba maranda, akayatandaza sakafuni mwa banda na kuyabadilisha kila siku ya tatu, akaongeza na majivu. Harufu ikakatika, na Sista mwenyewe alimwambia mkewe hivyo.

Ya tatu ndiyo yaliyomshinda. Sista alisimama upande wa pili wa ua, akiwa na kanga begani na macho mekundu, akamwomba aache kugonga.

Nyundo alimjibu kwamba hajagonga kitu. Nyundo yake ilikuwa sandukuni tangu banda likamilike, wiki tatu sasa. Sista alisema anasikia kwa masikio yake mwenyewe, mchana kutwa, kama mtu anayepigilia misumari kichwani mwake. Nyundo akaapa kwa jina la Mungu kwamba hajagonga. Na Sista, ambaye alikuwa hajalala siku mbili, akasema, "Mzee, usimwingize Mungu kwenye uongo."

Kuambiwa kwamba ameapa kwa uongo kulimwuma kuliko habari ya banda. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na Sista akapeleka karatasi kwa Mama Mwenyekiti. Nyundo aliamua moyoni kwamba yule binti anachukia kuku tu, na kwa kuwa jogoo na harufu vimemwishia, sasa anatunga. Akaanza kuomba dua ambayo hakumwambia mtu. Hakumwombea Sista mabaya, la hasha. Alimwomba Mungu ampe uhamisho, tena wenye cheo, kwenda hospitali kubwa iliyo mbali.

Basi siku mbili baada ya Mama Mwenyekiti kuondoka, dua ilikuwa haijajibiwa. Nyundo alimpelekea shemeji yake ujumbe aje Jumamosi na tenga kubwa awachukue kuku wote. Shemeji alikubali haraka mno. Jumatano jioni mkewe alimkuta kwenye kile kiti cha zamani mbele ya banda, mikono katikati ya magoti. Alimwuliza kama amewapa kuku chakula. Nyundo akamwuliza mkewe ni saa ngapi.

Mkewe alirudi jikoni, na usiku huo hakulala vizuri.

Alhamisi asubuhi Nyundo aliona jiko halina moshi na mkewe hayupo. Alipotoka uani alimwona anaingia getini amemshika Sista mkono, kama mtu anayemvusha mgonjwa barabara. Sista alikuwa bado katika sare yake, na mkoba haujatoka begani. Mkewe alimkalisha kwenye benchi, akampa chai. Sista aliipokea.

Nyundo alijiandaa kwa vita. Lakini binti hakuja kwa vita. Alieleza, macho yakiwa kwenye kikombe, kwamba usiku ule alikuwa amebeba dawa ya mgonjwa wa kitanda cha nne akaipeleka kitanda cha sita, na amekwisha kumwambia mgonjwa afungue mdomo pale mwenzake alipomshika kiwiko. Hakuna aliyedhurika. Ila alikwenda koridoni akakaa chini sakafuni.

"Mzee," alisema, "mimi sitaki kuku wako wafe. Sitaki hata waondoke. Ninataka kulala. Nisipolala nitamuua mtu."

Nyundo aliyasikia maneno hayo yote bila kurudiwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Alikaa kwenye ncha ya benchi. Alisema kwa upole kwamba angeacha hata leo hii, lakini ataachaje jambo ambalo halifanyi?

"Basi njoo," Sista alisema. "Njoo ulale kitandani kwangu usikie mwenyewe."

"Kwenye kitanda hicho, mwanangu, mimi nitamsindikiza," alisema mke wa Nyundo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili watu watatu walicheka pamoja kwenye ua ule.

Wakakubaliana hivi: mzee na mkewe waingie chumbani, Sista abaki na kuku. Nyundo alimwonyesha kopo la mahindi na kumwelekeza amwage kama yeye anavyomwaga siku zote, gao moja, saa tatu kamili. Sista alilishika kopo kwa mikono miwili kama kitu cha maabara.

Chumba cha Sista kilikuwa kidogo na safi. Kilikuwa na pazia jeusi dirishani, saa ya kengele, na kitanda cha chuma ambacho kichwa chake kilibanwa kabisa na ukuta. Mke wa Nyundo alikaa kwenye kiti. Nyundo alisimama karibu na ukuta akatega sikio lake la kulia, lile lililobaki kazini. Hakusikia kitu. Akaona uchungu wa ajabu, maana alikuwa ameanza kutaka kusikia.

"Kuna kitu?" alimwuliza mkewe.

Mkewe alikuwa amefungua mdomo na hakuufunga. Alionyesha ukuta kwa kidole. Nyundo aliinama zaidi, bado kimya. Ndipo mkono wake ukafanya kile ulichofanya kwa miaka thelathini na mmoja bila kuagizwa. Kwenye gereji, bonde dogo kwenye bodi ya gari halitafutwi kwa macho, kwa sababu rangi hudanganya. Fundi huweka kiganja, akafumba macho, akakipitisha polepole. Nyundo akaweka kiganja ukutani.

Ukuta ulikuwa unatetemeka. Si sana, kama shavu la mtu anayetafuna. Akakishusha kiganja mpaka kwenye chuma cha kitanda, na hapo akaruka nyuma kama aliyeguswa na umeme. Kitanda kizima kilikuwa kinapiga. Ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta, midomo ishirini na miwili ikidonoa mahindi kwenye bati, bati limepigiliwa kwenye tofali, tofali limekumbatiwa na chuma, na kwenye chuma kile binti wa watu analaza kichwa.

"Mimi huwa naisikia kule jikoni," mkewe alisema taratibu. "Kule inasikika kama mvua. Nilikuwa naipenda. Sikujua kumbe huku inafika hivi."

Nyundo aliketi kwenye ncha ya kitanda, kiganja kingali kwenye chuma, na machozi yakamtoka. Mkewe alidhani ni aibu. Aibu ilikuwapo. Lakini kilichokuwa kikimtoa machozi ni jambo jingine. Binti hakuwa amesema uongo, na yeye Nyundo hakuwa ameapa kwa uongo. Na kilichokuwa kikiwagombanisha ni misumari minane tu, na misumari inang'oleka.

Alitoka mle chumbani akitembea kwa kasi ambayo mkewe alikuwa ameisahau. Sista alikuwa bado amesimama bandani na kopo lake.

"Ni kweli unagongewa," Nyundo alimwambia. "Tena nilikuwa nikiwaagiza wakugongee mara kumi kwa siku. Nisamehe, mwanangu."

Sista alimtazama, kisha akawatazama kuku, kisha akautazama mfereji. Aliinama akaugonga kwa ukucha mara moja, akakunja uso kama mtu aliyekutana na adui yake njiani.

"Kumbe ni wewe," aliuambia mfereji.

Nyundo alitaka kuanza papo hapo, lakini mkewe alimkumbusha kwamba mgonjwa wao hajalala. Kwanza wakakisogeza kitanda cha Sista mkono mmoja kutoka ukutani, mke wa Nyundo akamfunika shuka kama mtoto. Siku hiyo kuku walikula chini, juu ya gunia. Jioni Sista alipoondoka kwenda zamu, Nyundo aliweka kiganja juu ya banda, akasema maneno yake, na kuanza kazi.

Aling'oa misumari yote minane. Mfereji akaurudisha kwenye kazi yake ya kuzaliwa, kukinga maji ya paa. Alitafuta tairi kuukuu, akalikata katikati kwa mzunguko, akapata vyombo viwili vya mviringo ambavyo hata ukividonoa kwa patasi havisemi neno. Giza lilipoingia aliweka vifaa chini, na Ijumaa mchana akamalizia ukuta wa nne kwa mbao za paleti. Huo hakuupigilia. Sista alikuwa amelala hatua nne kutoka hapo, hivyo alitoboa matundu kwa keekee ya mkono na kufunga bolti na nati kwa spana, moja baada ya nyingine, akizikaza kwa subira ya mtu anayefunga vifungo vya nguo ya mtoto mchanga. Kisha mafundi wenzake wawili walikuja, wakalibeba banda zima kwa kunong'onezana, na kwa kuwa Nyundo hasikii minong'ono, walielekezana naye kwa mikono. Wakalitua mita moja na nusu kutoka ukutani, miguu yake ikikanyaga vipande vya tairi. Kuku walisafiri humohumo ndani, kioo kimeshushwa.

Sista alikuwa amezoea kuamka saa tano asubuhi, kichwa kikimgonga. Ijumaa ile saa tano ikapita. Saa saba ikapita. Saa tisa mke wa Nyundo alianza kuingiwa na wasiwasi, akaenda kusimama chini ya dirisha, akasikia mkoromo mnene, wa kiume hasa, ukitoka kwa yule binti mwembamba. Alirudi akamweleza mumewe kwa ishara. Nyundo alivua kofia, akaangalia juu, akashukuru.

Jumamosi saa sita Mama Mwenyekiti alifika na wajumbe wawili, kila mmoja na uso wa msibani. Shemeji alikuwa amewatangulia, na tenga lake kubwa lilikuwa katikati ya ua. Majirani walisogea ukutani kuangalia.

Mama Mwenyekiti alianza kusoma ile karatasi ya malalamiko. Sista akamwomba aikunje. Alisema amelala kwa muda wa saa nane jana na saa tatu leo, na kama kuna mtu anataka kumwondoa yule mzee au kuku wake, basi aanze na yeye. Mama Mwenyekiti aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Halafu akaomba chai.

Nyundo aliona haifai kukaa na neno moyoni siku kama ile. Akasimama mbele ya watu wote akaungama kwamba alikuwa akimwomba Mungu amhamishe Sista, ila kwa wema, na kwa cheo.

"Afadhali yako, baba," Sista alisema. "Mimi nilikuwa namwomba alete mwewe."

Kicheko kilichopigwa hapo kiliwafanya kuku wakimbilie ndani. Shemeji peke yake ndiye hakucheka vizuri. Alilitazama tenga lake tupu, akauliza kama hata mmoja hapewi, na dada yake akamwambia akae chini anywe chai.

Mjumbe mmoja, mtu wa taratibu, alisema mambo hayawezi kuishia kwenye vicheko. Kikao kinahitaji neno la mzee, na walio hapa walisikie, wasije wakaitana tena mwezi ujao. Nyundo alikubali kwamba ni haki. Aliondoka kwenye benchi akaenda kusimama karibu na Sista, ili asikie vizuri akiulizwa swali.

"Mimi ninaahidi mbele ya Mungu, mbele ya mke wangu, na mbele yenu nyote," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Nikijenga kitu kingine hapa, hata kama ni meza, nitabisha kwanza hodi kwa jirani, niingie, niweke mkono wangu kwenye ukuta wake. Na akiniambia anasikia kitu ambacho mimi sikisikii, nitamwamini yeye."